Sauti Isiyolia

Mwimbaji anayelia ndani ya wimbo wa mapenzi huwapokonya wasikilizaji kazi yao. Akishalia yeye, sisi tunabaki kumtazama na kumhurumia, basi. Aliyenifumbua macho juu ya jambo hili ni marehemu Bi Shakila Saidi, mwimbaji wa taarab kutoka Tanga, ambaye sauti yake imekuwa ikisikika huku kisiwani Mafia tangu enzi za redio za betri zilizotundikwa barazani hadi leo anapochezwa kwenye simu. Aliimba habari za kuachwa, kusalitiwa na kufiwa na penzi kwa miongo kadhaa, na katika rekodi zake ninazozijua sauti yake haipasuki. Haitetemi kwa makusudi, haigumii, haiombi. Inakaa palepale, nyembamba na safi, na msikilizaji ndiye anayejikuta ameinamisha kichwa.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Tatu. Shakila ni jina la jukwaani lililomganda. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimbia Black Star Musical Club ya Tanga, kisha Lucky Star iliyochipuka humohumo, na baadaye akahamia Dar es Salaam kwenye JKT Taarab, kikundi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Alifariki tarehe 19 Agosti 2016 nyumbani kwake Mbagala Charambe. Wengine wamezoea kumpima mwimbaji kwa albamu: nyimbo kumi au kumi na mbili zilizopangwa kwa mpangilio, na picha juu ya jalada. Kwa Bi Shakila kipimo hicho hakifai. Ukiniuliza albamu yake ya majonzi ni ipi, nitakujibu kwamba imetawanyika: kipande kwenye santuri ndogo za Mombasa, kipande kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, kipande kwenye kaseti zilizonakiliwa hadi mlio wake ukafifia. Aliyezikusanya kichwani ndiye mwenye albamu nzima. Na katikati ya albamu hiyo ziko nyimbo mbili ambazo majina yake peke yake yanatosha kumfanya mtu mzima wa pwani anyamaze: Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba.

Ngoja kwanza tusikilize jinsi wimbo wa namna hii unavyoanza, maana ufundi umeanza kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Taarab ya zama zile haikuanza na mwimbaji. Ilianza na vyombo: akodiani au kinanda, gita, besi, ngoma ndogo zikitembea chini kwa mwendo wa rumba au bolero, na tari likidokeza pembeni. Vyombo vinaupitisha mkondo wa ubeti mzima mara moja, pengine mara mbili, bila neno hata moja. Anayesikiliza kwa haraka hudhani huu ni wakati wa kusubiri. Kumbe hapa ndipo sikio linapofundishwa njia. Tunaoneshwa mahali ambapo sauti itapanda, mahali itakaposhuka, na mahali ambapo itasita. Maneno yakija, tayari tunajua yanaelekea wapi, kama vile anayeachwa anavyojua siku nyingi kabla ya kuachwa. Huzuni yenyewe imekwishaingia chumbani na kukaa. Kinachongojwa ni kutajwa tu.

Halafu anaingia, na haingii kwa kishindo. Waimbaji wenye pupa huliwahi pigo la kwanza ili kutangaza kwamba wamefika. Bi Shakila huliachia pigo lipite, kisha anaingia nyuma yake kidogo, mithili ya mtu aliyefikiri kabla ya kujibu. Ucheleweshaji huo ni mdogo mno, hauhesabiki kwa vidole, lakini ndio unaotufanya tuamini kwamba maneno anayoyasema amekwisha kuyapima. Mtu aliyeumia kweli hasemi papo hapo. Humeza mate kwanza.

Baada ya hapo ni kazi ya pumzi. Shairi la taarab kwa kawaida huandikwa kwa mizani: vipande viwili vya mizani nane nane kwa mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho. Kwenye karatasi kina cha kati ni kituo. Kwa mwimbaji ni mtihani. Akivuta pumzi pale kila mara, wimbo unakatika vipandevipande na kuwa kama mtoto anayesoma kitabu cha darasa la pili. Asipovuta kabisa, anafika mwisho wa mshororo hana nguvu na neno la mwisho, ambalo mara nyingi ndilo lenye msumari, linadondoka bila uzito. Bi Shakila aligawa pumzi kwa akili. Mshororo mmoja anapumzika kwenye kina cha kati, unaofuata anaunganisha vipande viwili kwa sauti moja ndefu inayopita juu ya mpaka kana kwamba mpaka haupo. Msikilizaji hatambui kilichofanyika. Anachohisi ni kwamba mara hii maneno yamekuja kwa wingi kuliko yalivyoruhusiwa, kama mtu aliyekuwa akijizuia na sasa kidogo ameshindwa, kisha amejirudi.

Na madoido. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia kwa irabu, kwa hiyo mwimbaji wetu ana mlango wazi mwisho wa neno: anaweza kuvuta, kupinda, kupandisha na kushusha sauti kadiri apendavyo. Huo ni utajiri, na ni mtego. Wako waliopamba kila irabu mpaka shairi likapotea chini ya mapambo. Bi Shakila alichagua. Anapita maneno matatu manne bila pambo, wazi kama anayeongea, halafu kwenye neno moja anazungusha sauti mara mbili tatu kwa wepesi na kuishusha. Hapo ndipo unapojua neno lenye kidonda ni lipi. Ukienda Jibondo, hapa kwetu Mafia, ukawatazama mafundi wa majahazi wakikalafati, wakishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, utaona kwamba hawajazi popote wapendapo. Wanajaza kwenye maungio tu, na wakimaliza hakuna anayeiona pamba, lakini chombo hakivuji. Madoido ya Bi Shakila yako hivyo, kwenye maungio.

Kilio chenyewe amewaachia wengine. Akimaliza ubeti, akodiani inajibu, au fidla kwa vikundi vyenye fidla, na chombo hicho kinaruhusiwa kuteleza, kulalama na kuvuta. Yeye yuko kimya pembeni. Ni mgawanyo wa kazi ulio na adabu kubwa: mwanamke anasema alilo nalo kwa uso mkavu, na chombo kinasema lile ambalo angelisema kama angekuwa peke yake chumbani.

Taarab ya Tanga ndiyo iliyompa nafasi hiyo. Unguja walikuwa na vikundi vikubwa, fidla nyingi, kanuni, udi, nai, mtindo uliotokana na Misri na kukuzwa kwenye majumba ya masultani. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Katika okestra kama hiyo mwimbaji ni malkia aliyezungukwa na baraza lake. Tanga hawakuwa na jumba la sultani. Kijana mwenye gita la umeme aliyekuwa akisikiliza dansi na filamu za Kihindi aliingia kwenye taarab na gita lake, besi ikashika chini, na kundi likawa dogo, kavu, lenye nafasi kati ya chombo na chombo. Kibwana Said wa Black Star, mtunzi na mwimbaji, ni mmoja wa waliolisuka umbo hilo. Sauti ya kike ikiwekwa juu ya ala chache namna ile haina pa kujificha. Kila pumzi inasikika. Ukiwa hodari, utaonekana. Usipokuwa hodari, utaonekana pia.

Enzi zile wapiga ala na mwimbaji walirekodi kwa pamoja, chumba kimoja, mpaka mwisho wa wimbo. Siku hizi mwimbaji huingia studio peke yake, akaimba mstari mmoja mara ishirini, na fundi wa mitambo akachagua silabi moja moja. Siwalaumu, nyenzo zipo na zinatumika. Lakini nikisikia rekodi ya miaka ya 1970, nasikia watu wazima wanaosikilizana. Besi inapunguza kidogo mwimbaji anaposhuka chini. Gita linanyamaza kabla ya neno zito. Hakuna aliyeandika hayo kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa taarab huwa hawalijui, nalo linamwongezea mwimbaji heshima. Mara nyingi maneno anayoimba si yake. Mtunzi ni mwingine, na mara nyingi ni mwanamume. Wapo pia watu wenye matatizo yao ya nyumbani waliomwendea malenga na kumweleza siri, naye akaigeuza shairi lisilotaja jina la mtu: ua lililochumwa na kutupwa, ndege aliyezoeshwa tundu lingine, chombo kilichotweka bila kuaga. Shairi hilo likafika kwa mwimbaji likiwa tayari limefunikwa mara mbili. Kazi yake ni kulitia moyo bila kulifunua. Bi Shakila aliimba “mimi” ambayo haikuwa yake, akaiimba kwa namna ambayo kila aliyeketi ukumbini aliichukua kuwa yake, mume kwa mke. Wivu wa mwanamume uliandikwa na mwanamume, ukaimbwa na mwanamke, ukaliliwa machozi na wote wawili.

Nimetaja ukumbi, na sasa nirudi kisiwani, kwa sababu naamini Mafia inaeleza kwa nini sauti hii haikulia.

Kisiwa chetu kikuu hakizidi sana kilomita 50 kwa urefu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wilaya nzima kuwa na watu wapatao 66,000, kuanzia Bweni kule kaskazini hadi Jibondo na Juani kusini. Wanaume wengi ni wavuvi. Wanafuata samaki na pepo: kusi ikivuma wanakwenda huku, kaskazi ikivuma wanakwenda kule, wanapiga dago, yaani kambi za uvuvi, kwenye visiwa na fukwe za mbali, wengine wanafika Kilwa, Dar es Salaam, Unguja. Mwanamke anabaki na shamba, minazi, ukili na watoto. Mara nyingine mume anarudi na pesa. Mara nyingine anarudi na habari kwamba kule dagoni ameoa. Mara nyingine inakuja karatasi tu.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alifika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akaendelea kurudi kwa miongo mingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, aliwaachia wanakijiji waeleze maisha yao kwa maneno yao, na ndoa na talaka zimejaa humo kama zilivyojaa kwenye mazungumzo ya baraza lolote la hapa. Talaka kwetu si mwisho wa dunia. Mwanamke anarudi kwao, anakaa eda, na akijaliwa anaolewa tena. Lakini, na hapa ndipo penye uzito, mtaliki wake haendi popote. Atakutana naye sokoni Kilindoni. Atamwona kwenye maziko ya shangazi yao, kwa sababu pengine ni binamu yake. Ataalikwa kwenye harusi ya mdogo wa mke mpya, na atakwenda, kwa sababu asipokwenda itasemwa. Ataketi mkekani, atapokea sahani ya pilau kutoka kwa mkono uleule uliomchukulia mume, na atasema ahsante. Macho yanacheka.

Mazingira hayo hayawezi kubeba wimbo unaopiga mayowe. Ukishapiga mayowe leo, kesho utamtazamaje jirani? Mtu wa kisiwani anahitaji wimbo utakaobeba uchungu wake wote na bado umwachie stara yake nzima. Ndiyo maana sauti ya Bi Shakila, iliyolelewa Pangani na Tanga, miji midogo ya bahari yenye hali kama yetu, iliingia Mafia ikakuta imeandaliwa kiti. Ilikuwa imejifunza kwenye shule ileile: sema, lakini usijivue nguo.

Nalinganisha na Wamarekani wa muziki wa country, ambao nao wamefanya majonzi ya mapenzi kuwa kazi ya maisha, na ambao santuri zao zimependwa sana Afrika Mashariki, hasa kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1974 Willie Nelson alitoa albamu iitwayo Phases and Stages, iliyorekodiwa Muscle Shoals, Alabama. Habari yake ni ndoa moja iliyovunjika. Upande wa kwanza wa santuri anasimulia mke, upande wa pili mume, na kati ya nyimbo kinajirudia kipande kifupi kilekile kinachowaunganisha. Ni kazi nzuri mno, ya mtu mwenye subira, na sauti ya Nelson nayo ni kavu na huingia nyuma ya pigo. Naamini angeelewana na Bi Shakila kwa dakika tano. Hata gita lao la chuma, lile linaloteleza na kulalama, hufanya kazi ileile ya akodiani yetu: linalia ili mwimbaji asilie.

Ila wenzetu wana barabara. Katika nyimbo nyingi za country aliyeumizwa ana gari, ana treni, ana mji mwingine wa kwenda. Anaondoka, na kuondoka ndiko kunakoumaliza wimbo. Na wasipoondoka, wanataja. Dolly Parton katika Jolene, wimbo wa mwaka 1973, anamwita mwanamke mwenzake kwa jina, tena na tena, akimsihi asimchukulie mume. Ni wimbo ninaoupenda kwa dhati, ujasiri wake wa kujishusha hadharani unanitikisa. Mafia usingeimbika hivyo. Jolene angekuwepo ukumbini, na mama yake, na shangazi zake wanne.

Kwetu kutaja kunafanywa na msikilizaji, tena kwa kutunza. Mwimbaji akifika kwenye mshororo fulani, mwanamke anainuka mahali alipoketi, noti mkononi, anatembea taratibu kwa mwendo wa ngoma, anaipunga noti hewani, na kabla ya kumpa mwimbaji anageuza uso kidogo upande mmoja wa ukumbi. Hakuna lililosemwa. Wote wamesikia. Kelly Askew, mtafiti wa Marekani aliyeishi Tanga na kupiga muziki na vikundi vya huko, ameandika kwa kirefu juu ya jambo hili katika Performing the Nation, kitabu chake cha mwaka 2002: jinsi mtoa tuzo anavyolichukua shairi la mtunzi na sauti ya mwimbaji na kuvifanya viseme jambo lake binafsi. Kwa hiyo wimbo lazima uwe na nafasi ya kuingilika. Mwimbaji akiujaza kilio chake mwenyewe, hakuna mwanamke mwingine atakayepata mahali pa kuweka mguu. Bi Shakila aliacha mlango wazi. Alijua kwamba wimbo haujakamilika mpaka mtu fulani, mwenye kisa chake ambacho yeye mwimbaji hatakijua kamwe, anyanyuke.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Vikundi vya Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre vilishindana Dar es Salaam, Nasma Khamis upande mmoja na Khadija Kopa upande mwingine, na mipasho ikashika kasi: maneno makali, ya wazi, yenye kucheka na kuchoma. Watu walifurika. Siidharau mipasho. Kumtupia mtu neno na ukumbi mzima ukalipuka kunahitaji ulimi, uso na wakati sahihi, na Bi Khadija Kopa ana vyote hivyo kwa wingi. Baadaye vikaja vinanda vya kompyuta na midundo iliyotengenezwa mapema, taarab ya kisasa iitwayo rusha roho ikazunguka harusi zote za pwani, pamoja na zetu za Kilindoni. Vijana wanacheza na wanafurahi. Ninachosema ni kwamba mipasho ni dawa ya hasira. Inamsaidia mwenye mshindani. Aliyeachwa bila mshindani, aliyeachwa tu kwa sababu mtu amechoka naye, mipasho haina la kumwambia. Huyo hana wa kumpasha. Huyo bado anamhitaji Bi Shakila.

Sikiliza anavyomalizia. Hapandi juu kabisa ili apigiwe makofi. Ubeti wa mwisho anauimba kama alivyoimba wa kwanza, sauti ileile, mwendo uleule, wakati sisi tunaosikiliza tumekwisha kubadilika kwa sababu sasa tunajua kisa chote. Kiitikio kinarudi, maneno yaleyale tuliyoyasikia mwanzo tukayaona ya kawaida, na mara hii hayavumiliki. Yeye hakuyabadilisha hata kidogo. Kulirudia jambo bila kulikuza na kulifanya liwe zito zaidi ndicho kilele cha ufundi wa wimbo wa majonzi, na ni wachache wanaokifikia, kwa sababu kinadai mwimbaji aamini kwamba hahitaji kufanya zaidi. Inachukua miaka kujiamini hivyo. Wengi wetu tunaofanya kazi ya maneno tunakufa hatujafika hapo.

Bi Shakila alikuwa na watangulizi. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na santuri zake zikasambaa pwani nzima. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alirithi nyimbo za Siti na kuzipa koo jingine, la ukwaruzo na moshi, koo lililokuwa kinyume kabisa na la Bi Shakila. Ukiwasikiliza wote watatu kwa usiku mmoja utaona kwamba hakuna anayelia. Siti anasimulia. Bi Kidude anakabiliana. Bi Shakila anavumilia, na kati ya hayo matatu, kuvumilia bila kuchosha masikio ya watu ndiko kugumu zaidi kukuimba.

Nina ombi kwa watangazaji wa redio zetu, za Dar es Salaam, za Tanga, na hata vijana wanaocheza muziki kwenye harusi za kisiwani. Mnapoucheza wimbo wa Bi Shakila, mnaukata mwanzo. Mnaruka akodiani na gita, mnadondosha sindano moja kwa moja kwenye sauti, kwa sababu mnaogopa msikilizaji atabadili stesheni. Nawaomba muache. Dakika ile ya mwanzo ndiyo inayomtengenezea njia, na bila hiyo mnatupa maneno ya mtu ambaye hatujapata nafasi ya kumngojea. Na kwa mwenye kaseti zake ndani ya kabati, huku Mafia au popote pwani: zitoe kwenye unyevu, mpelekee kijana mwenye mashine ya kunakili, na umwambie anakili wimbo mzima, kuanzia pigo la kwanza.